Mwalimu asiyeona alijaribu kukata tiketi kwenye tovuti niliyoitengeneza: mafundi wa tovuti, naomba msome hapa

Fundi wa Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauelekeza kwa mafundi wenzangu, lakini hata wewe mwenye duka, shule, zahanati au kampuni yenye ukurasa mtandaoni, kaa usome. Ni mrefu, na sitaufupisha.

Miezi kadhaa nyuma nilimkabidhi mteja wangu mmoja hapa Morogoro tovuti ya kukata tiketi za mabasi. Ni kazi niliyoipenda sana. Inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ya chini, malipo yanapita kwa simu, na ramani ya viti niliichora mwenyewe: basi zima linakaa kwenye skrini, viti vya kijani viko wazi, vyekundu vimeshachukuliwa. Unagusa kiti, unalipa, tiketi inakuja.

Mtaani kwetu kuna mwalimu wa sekondari ambaye haoni kabisa, tangu akiwa mdogo. Alisikia habari za tovuti hiyo akaniita nyumbani kwake. Nikafika, shikamoo mwalimu, marahaba, vuta kiti. Akaweka simu yake mezani, akaongeza sauti, akaniambia: "Ijumaa naenda Dodoma. Kaa hapa usikilize ninavyokata tiketi."

Kwa asiyejua: simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack. Ukiiwasha, simu inasoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Unapitisha kidole kulia, inakutajia kitu kinachofuata. Ukitaka kukifungua unagonga mara mbili. iPhone ina ya kwake, VoiceOver, tangu toleo la 3GS la mwaka 2009. Kwenye kompyuta wengi wanatumia NVDA, ambayo ni ya bure, na iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia pamoja na mwenzake James Teh. Wote wawili hawaoni. Hizi tunaziita visoma skrini.

Basi mwalimu akaanza kupitisha kidole. Simu ikasema: "Kitufe." Akapitisha tena. "Kitufe." Akapitisha. "Sehemu ya kuandika." "Sehemu ya kuandika." "Sehemu ya kuandika."

Akaniuliza, "Niandike nini?"

Mimi nilikuwa nayaona maneno yangu pale juu ya kila kisanduku: Unatoka wapi, Unakwenda wapi, Tarehe. Kwa jicho yako sawasawa. Lakini kwenye kodi, yaani yale maandishi ya kiprogramu yanayounda ukurasa, hakukuwa na chochote kinachoyafunga maneno hayo na visanduku vyake, kwa hiyo simu iliona visanduku vitatu visivyo na jina. Nikamwelekeza kwa mdomo, tukavuka. Tukafika kwenye viti.

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Simu ilisema "Chagua kiti", mwalimu akapitisha kidole, ikasema "Lipa sasa". Katikati hapakuwa na kitu. Lile basi lote nililolichora, viti arobaini na vinne, kwa mwalimu halikuwepo. Kila kiti kilikuwa div tupu (kisanduku cha kodi kisichosema chenyewe ni kitu gani) iliyopakwa rangi, haina maandishi ndani, na kisoma skrini hakina cha kusoma kwenye rangi, kinapita tu.

Hakunifokea. Aliniambia jinsi anavyokata tiketi siku zote: anamwita kijana wa jirani, anampa simu, kijana anachagua kiti anachokiona yeye kinafaa, kisha mwalimu anamtajia namba ya siri ya kulipia. "Namba yangu ya siri," aliniambia, "wanaijua vijana watatu hapa mtaani."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu siku ile. Mtu mzima, mwenye mshahara wake, analazimika kugawa ufunguo wa pesa zake kwa sababu mimi sikuandika maneno machache kwenye kodi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma WCAG, miongozo ya kutengeneza tovuti ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, inayotolewa na W3C, hao hao wanaosimamia viwango vya wavuti. Haya si mambo ya jana. Toleo la kwanza lilitoka 1999, la 2.0 likaja 2008, 2.1 mwaka 2018, na 2.2 Oktoba 2023. Yaani mimi nimeanza kazi hii miongozo ikiwa tayari imezeeka, na hakuna aliyewahi kunitajia, si darasani, si kazini.

Kiini chake ni maswali manne kuhusu ukurasa wako. Mtu anaweza kupata kilichomo, kwa jicho, kwa sikio au kwa vidole? Anaweza kuutumia hata kama hashiki kipanya? Anauelewa? Na utaendelea kufanya kazi na vifaa vya aina yoyote, vikiwemo visoma skrini? Mengine yote ni matawi ya hayo.

Na makosa yenyewe hayana ugeni. Kuna taasisi ya Marekani inaitwa WebAIM ambayo kila mwaka inapima kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2025, asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa yanayoweza kugunduliwa na mashine. Yanayoongoza ni yale yale kila mwaka: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo, viungo na vitufe vitupu. Hakuna hata moja hapo linalohitaji teknolojia mpya. Kitufe kiandike kwa button badala ya div. Kisanduku kipe label, yaani jina lake. Picha ipe alt, yaani maelezo yake kwa maandishi. Mambo ya wiki ya kwanza ya kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa.

Naomba tujadili. Hasa nawaomba wenye ulemavu mliomo humu, semeni mnakokwama.

Kodi Usiku

Mkuu, hongera kwa uzi. Ila niseme ukweli wangu. Nimetengeneza tovuti zaidi ya thelathini na sijawahi kuletewa lalamiko na mlemavu hata mmoja. Mteja anakupa laki tano na wiki mbili, anataka slaida zinazozunguka na rangi za nembo yake. Nikimwambia niongeze siku tatu kwa ajili ya watu ambao hawapo, atatafuta fundi mwingine.

Fundi wa Kurasa (mleta uzi)

Ndugu, nakuelewa, wateja wetu ni hao hao. Lakini hilo la "hawapo" naomba tulitazame vizuri. Mtu ambaye kitufe chako hakimwambii chochote hawezi kukutumia lalamiko kupitia fomu yako ya mawasiliano, maana hiyo nayo haina lebo. Anafunga, anaondoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mmoja kati ya kila sita. Kati ya tovuti zako thelathini, wamepita wengi, na hujawasikia.

Kisha tazama nyumbani kwako. Mama mwenye mtoto wa jicho. Mzee ambaye mikono inatetemeka na hawezi kugonga kialama kidogo kama punje ya mchele (WCAG 2.2 inataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24). Na wewe mwenyewe, ukiwa juani Kariakoo saa saba mchana unatafuta namba ya mteja kwenye ukurasa wenye maandishi ya kijivu. Alt nayo, siku bando linasuasua na picha hazifunguki, ndiyo inayokuonyesha pale palikuwa na nini.

Kuhusu siku tatu: ukianza na kodi safi hakuna siku tatu. Kuandika button ni herufi chache zaidi ya div. Gharama ninayoilipa mimi sasa ni ya kurudi nyuma kubomoa.

Na tuseme "mtu mwenye ulemavu", tafadhali. Wenyewe wameshaomba hivyo mara nyingi.

Kodi Usiku

Nimekupata kwenye neno hilo, nasahihisha. Mengine bado nayatafakari.

Sauti ya Haraka

Nimefika kwa mwaliko wa mleta uzi. Mimi sioni, nasoma sheria chuo kimoja hapa Dar, natumia NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu. Jina langu la humu limetokana na kasi ninayosikilizia; mtu akikaa pembeni yangu hashiki neno.

Naomba nianze na jambo ambalo mafundi wengi wa Kiswahili hawalijui kabisa, na ndilo linalonichosha kuliko yote.

Kila ukurasa, juu kabisa kwenye kodi, unajitambulisha ni wa lugha gani. Violezo vingi mnavyovipakua vinakuja na lang="en". Fundi anafuta Kiingereza chote, anaandika Kiswahili chake kizuri, halafu hiyo lang anaiacha ilivyo. NVDA inaamini ilichoambiwa: inachukua sauti ya Kiingereza na kunisomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Maneno yetu mengi, bahati mbaya, yanafanana kwa herufi na yao. "Jina lake" nasomewa "jina leik". "Mume wake" inakuwa "mume weik". "Pole sana" inakuwa "poul sana". Wilaya ya Same inakuwa "seim". Sentensi nzima ikisomwa hivyo, kwa kasi yangu, ni kelele tupu. Nilishawahi kusoma maelezo ya kujiunga na mkopo wa masomo kwa kusimamisha na kusikiliza herufi moja moja, ukurasa mmoja, karibu saa nzima.

Dawa yake? Badilisha en iwe sw. Herufi mbili. NVDA inakuja na eSpeak, na eSpeak inajua Kiswahili. Sauti yake ni ya chuma chuma kidogo lakini inatamka "lake" kama lake. Na kama katikati ya ukurasa una aya ya Kiingereza au ya Kiarabu, hiyo aya peke yake ipe lang yake.

La pili ni vichwa vya habari. Ninyi mkifungua ukurasa mrefu macho yanaruka, yanatafuta maandishi makubwa. Mimi naruka kwa herufi H kwenye kibodi; kila nikibonyeza NVDA inanipeleka kichwa kinachofuata. Lakini inatambua vichwa vilivyoandikwa kama vichwa, h1, h2, h3. Mkichukua aya ya kawaida mkaikoleza na kuikuza, kwenu ni kichwa, kwangu ni aya kama nyingine, na H inaniambia hakuna kichwa kinachofuata. Hapo inabidi nisikilize ukurasa wote kuanzia menyu.

La tatu, picha za maandishi. Tangazo la semina, ratiba ya mitihani, majina ya walioitwa kwenye usaili: mtu anachapisha karatasi, anaipiga muhuri, anaiskani, anaipandisha kama PDF. Hiyo PDF ni picha. Kisoma skrini kinasema ukurasa hauna maandishi. Nilijua nimeitwa kwenye usaili mmoja kwa sababu rafiki alikuwa anatafuta jina lake akaliona na langu. Hati iliandikwa kwenye kompyuta tangu mwanzo! Ihifadhiwe moja kwa moja kuwa PDF kutoka humo humo, maandishi yatabaki maandishi.

Na yale mafumbo ya "thibitisha wewe si roboti", chagua picha zote zenye taa za barabarani. Sihitaji kueleza zaidi.

Kodi Usiku

Dada, hiyo ya lang sikuwahi kuijua. Nimefungua sasa hivi tovuti zangu tano za mwisho. Zote tano zimeandikwa en na zote ni za Kiswahili.

Sauti ya Haraka

Asante kwa kuangalia. Zibadilishe, utakuwa umenisaidia kuliko unavyodhani.

Kofia Pana

Niko Kilimanjaro, nina ualbino. Watu wakisikia ualbino wanafikiria ngozi na jua tu. Wengi wetu pia tuna uoni hafifu, macho yanachezacheza na mwanga unatuumiza. Sitegemei sauti, ninakuza. Nafungua vidole viwili kwenye skrini mpaka herufi inakuwa kubwa, naisogeza simu karibu na uso.

Sasa kuna tovuti ukifungua vidole hazikui. Zimefungwa. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu mbovu, nikaenda kwa fundi simu, akaniambia simu haina tatizo.

Fundi wa Kurasa (mleta uzi)

Simu yako haikuwa na tatizo, kaka. Kuna mstari tunauweka kwenye kodi, user-scalable=no au maximum-scale=1, unamzuia mtu kukuza. Tunauweka ili muonekano "usiharibike". Mafundi, uondoeni. Miongozo inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, na yakikuzwa hadi 400 yajipange upya kwenye safu moja, mtu asilazimike kusogeza kushoto na kulia kila mstari.

Na kufifia kwa maandishi kuna kipimo, si suala la ladha. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yawe na utofauti wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake; makubwa yanaruhusiwa 3 kwa 1. Kile kijivu tunachokipenda, #999 juu ya nyeupe, kinapata 2.8 tu. #767676, kijivu kilichokolea zaidi, ndiyo inavuka kwa shida. Ukiwa na #333 au nyeusi kamili umelala usingizi. Vivinjari vyenyewe vina zana ya kupima, bonyeza kulia, kagua, utaona namba.

Kofia Pana

Naongeza kimoja. Mkituwekea hali ya giza, nyuma nyeusi na herufi nyeupe, macho yangu yanapumzika sana. Lakini iwe ni chaguo, maana rafiki yangu mwenye uoni hafifu wa aina nyingine anataka kinyume chake.

Mama wa Wawili

Samahani, mimi si fundi wa chochote. Niko Mwanza, mtoto wangu wa pili ni kiziwi, ana miaka kumi na tatu. Naona mnaongelea wasioona tu, na wao wana haki. Ila wangu haoni shida kwenye kuona. Shida ni video. Siku hizi kila kitu ni video. Masomo ni video, tangazo la chanjo ni video, hata jinsi ya kujaza fomu ya shule wanakutumia video ya mtu anaongea. Mwanangu anatazama mdomo unatembea.

Nilimwomba mwalimu mmoja anayerekodi masomo ya sayansi aweke maandishi chini. Akajibu kwa upole kwamba hana muda, ila maelezo yote ameandika kwenye ukurasa. Tukaenda kusoma. Maneno ni mazito, sentensi moja mistari sita. Mwanangu lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama. Kiswahili cha kusoma amejifunza darasani kama wengine wanavyojifunza Kiingereza. Alisoma mistari miwili akaniangalia.

Fundi wa Kurasa (mleta uzi)

Mama, usiombe samahani. Umegusa pengo la uzi wangu, mimi nilibaki na mwalimu kichwani.

Wanaorekodi video: andikeni maandishi ya chini, na yaandikwe au kukaguliwa na mtu. Ni faili la kawaida la maandishi, lina muda na maneno, kama hivi: kuanzia sekunde ya 4 hadi ya 7, "Leo tunaangalia mmeng'enyo wa chakula." Andikeni pia sauti zenye maana, mlango umegongwa, watu wanacheka, kengele. Kama bajeti ipo, mkalimani wa Lugha ya Alama awe kwenye kona, awe mkubwa kiasi cha mikono na uso kuonekana, asibanwe kwenye kijidirisha.

Hilo la sentensi fupi ninalichukua kwa uzito. Nimekuwa nikiandika "Mfumo umeshindwa kuthibitisha taarifa ulizowasilisha." Nimebadilisha: "Namba ya simu ina tarakimu 9. Inatakiwa 10." Hata kijana anayesikia na kuona vizuri alikuwa haelewi ile ya kwanza.

Mama wa Wawili

Nashukuru sana mwanangu. Nitamwonyesha mwalimu wetu huu uzi.

Njia Fupi

Wadau, mbona mnajitesa? Kuna vifaa unaweka mstari mmoja wa kodi, kinatokea kialama cha mtu kwenye kona, mtumiaji anabonyeza na tovuti inakuwa sawa kwa kila ulemavu. Nimeona kwenye tovuti nyingi za nje. Unalipia kwa mwezi. Akili bandia inarekebisha yenyewe.

Sauti ya Haraka

Kaka, nakusihi usimuuzie mteja kitu hicho kama suluhisho. Mimi tayari nina kisoma skrini changu, nimekizoea miaka. Kile kialama kinanijia na sauti yake, menyu yake, mara nyingine kinagongana na NVDA nikapoteza nilipokuwa. Na kisanduku kisicho na lebo hakijui chenyewe kuwa kilitakiwa kuitwa "Jina la baba".

Huko nje kwenyewe kimeshafika serikalini. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kampuni ya accessiBe, inayouza vifaa vya aina hiyo, italipa dola milioni moja, kwa sababu ilidai zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG, dai ambalo tume ilisema halikuwa la kweli.

Mkenya wa Thika Road

Habari zenu kutoka Nairobi. Niko na swali kwa dada wa sheria: hii maneno iko na nguvu ya kisheria ama ni kuombana tu? Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata habari na kutumia Lugha ya Alama, Braille au njia nyingine inayomfaa. Tuko pia na kiwango cha KS 2952 kuhusu vifaa na huduma za TEHAMA, na 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu badala ya ile ya 2003. Lakini sijaona mtu akipelekwa kortini juu ya tovuti.

Sauti ya Haraka

Swali zuri sana. Msingi wetu wote ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009, na 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba inaitaja intaneti kwa jina. Kwa hiyo si hisani.

Mfano ninaoupenda kuusimulia ni wa Australia. Bruce Maguire, asiyeona tangu kuzaliwa, alilalamika mwaka 1999 kwamba hawezi kutumia tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney: picha hazina maelezo, majedwali ya matokeo hayafikiki. Kamati ya maandalizi ilidai kurekebisha ni kazi kubwa na ya gharama mno. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya huko ikaamua Maguire amebaguliwa, ikaagiza tovuti irekebishwe kabla ya michezo. Haikurekebishwa ipasavyo, na kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Marekani, chama cha wasioona kilimshitaki muuzaji Target mwaka 2006, na 2008 wakamaliza kwa makubaliano ya dola milioni 6. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria yao ya ufikivu (huduma ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu) inabana biashara za mtandaoni, benki na tiketi za usafiri. Fundi wa hapa anayechukua kazi za wateja wa Ulaya ajue hilo.

Kitu ninachokipenda kwenye ile ya Sydney ni kwamba alilalamika mapema, mwaka mzima kabla. Walikuwa na muda.

Mkenya wa Thika Road

Asante sana dada. Nimeinote.

Fundi wa Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Viti nimevibomoa vyote. Kila kiti sasa ni kitufe cha kweli chenye jina: "Kiti 3A, dirishani, kiko wazi." "Kiti 3B, upande wa njia, kimechukuliwa." Na kwa jicho, kilichochukuliwa kina alama ya X juu ya rangi, maana kuna watu nyekundu na kijani kwao ni rangi moja, na hilo nalo sikulifikiria mwanzo. Lebo zimefungwa kwenye visanduku. Lang ni sw.

Nikampelekea mwalimu. Tukakuta mawili mapya.

Kalenda kwanza. Nilitumia ile ya kupendeza inayofunguka na mwezi mzima. Mwalimu alianza tarehe moja, mbili, tatu, anapitisha kidole siku baada ya siku kutafuta Ijumaa, na simu inataja namba tupu bila siku wala mwezi. Nimeitoa, nimeweka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Anaandika, anaendelea.

Halafu muda. Mfumo ulikuwa unamshikia mtu kiti dakika tano. Anayesikiliza ukurasa hatembei kwa mwendo wa anayeuona. Alifika kwenye malipo kiti kimeshaachiwa. Miongozo inasema mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kujibu kwa kitendo kimoja rahisi, na aweze kuongeza muda angalau mara kumi. Sasa inauliza, "Unahitaji muda zaidi?" Mwenye kampuni alihofia watu watashikilia viti. Nilimkalisha karibu na mwalimu, akasikiliza dakika kumi, akaniambia niache hivyo hivyo.

Juzi mwalimu amekata tiketi peke yake, mimi nikiwa nimekaa kimya. Amechukua 3A. Nikamuuliza kwa nini dirishani. Akasema hewa, na wauzaji wa njiani ni rahisi kuwaita. Vijana walikuwa wakimkatia kiti cha upande wa njia siku zote, wakidhani dirisha halimhusu.

Jioni ile ile amebadilisha namba yake ya siri.

Kilichobaki ni tiketi yenyewe. Bado inatoka kama picha yenye alama ya kuskani, na mwalimu hawezi kujua basi linaondoka saa ngapi mpaka amuulize mtu. Naiandika upya usiku huu iende kwa ujumbe mfupi: jina, namba ya kiti, saa, namba ya basi. Ikiwa tayari nitaiweka hapa, na Sauti ya Haraka, naomba uwe wa kwanza kuijaribu.

Sauti ya Haraka

Itume. Niko macho mpaka saa sita.